Mguno Kwenye Kila Nukta

Kaka Fredi aliniandikia maneno matatu: "Bado kuna mguno." Hakuweka salamu, hakuweka pole. Ilikuwa mara ya pili sura ya kwanza inarudishwa kutoka Dar es Salaam kama mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa sare, na mara zote mbili kosa lilikuwa lile lile: kila nikimaliza sentensi, nyuma ya sauti yangu kuna kitu kinaguna.

Nikaisikiliza upya. Hakuna mguno. Nikaisikiliza tena, nimefumba macho na kukandamiza vile vidude vya masikioni kwa vidole viwili mpaka masikio yakaniuma. Nilichosikia ni sauti yangu tu, nene kuliko ilivyo, kama ya mtu mwenye mafua.

Kaka Fredi ni mhariri wa sauti katika kampuni moja inayotengeneza vitabu vya kusikiliza. Walikuwa na kitabu cha hadithi za pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, sura kumi na moja, na walitafuta msomaji. Nilituma sampuli bila matumaini, wakanichagua. Niliposikia kwamba aliyeshika nafasi ya pili ni bwana mmoja wa Dar anayetamka jina la kijiji cha Msimbati kama vile ni dawa ya kikohozi, nilicheka. Sikucheka tena baada ya ule ujumbe, kwa sababu chini yake kulikuwa na mwingine: "Ijumaa ya wiki ijayo bosi anataka sura tatu safi. Tukizikosa, kitabu anapewa yule bwana."

Hadithi zile nilizikuta mdomoni mwa bibi yangu kabla sijajua kusoma. Yule bwana angezisoma kwa haraka, angemeza majina yote ya mahali, na watoto wa nchi nzima wangeamini hivyo ndivyo sisi tunavyosema. Nilikuwa tayari kufanya lolote isiwe hivyo. Tatizo ni kwamba huwezi kusafisha kitu usichokisikia.

Nikapanda pikipiki kutoka kwetu Mikindani mpaka Chikongola, Mtwara mjini, kwa Yassini, aliyeniuzia vile vidude. Duka lake lina upana wa godoro na ndani yake kuna kila kitu chenye waya.

"Yassini, nataka hedifoni nzuri."

"Dada Rehana, umefika." Akashusha boksi lenye picha ya simba anayetema moto. "Hii ina besi. Besi mpaka meno yanacheza. Na taa zinawaka pembeni."

"Sitaki besi. Nataka ya kusikia makosa."

Alinitazama kwa huruma. "Nani ananunua hedifoni asikie makosa? Watu wananunua wasahau."

"Mimi kazi yangu ni kusoma vitabu. Kuna kitu kinaguna kwenye rekodi, na sikisikii."

"Sasa kama hukisikii, si ushukuru?"

Niliondoka kabla sijasema neno ambalo lingefika nyumbani kabla yangu.

Jioni kaka Fredi alinipigia. Ni mtu mpole, lakini upole wake ni wa mwalimu wa hesabu: anarudia jambo kwa sauti ile ile mpaka unatamani akupigie kelele.

"Unasikilizia nini, dada?"

"Hedifoni."

"Za bei gani?"

Nikamtajia bei kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hapo," akasema. "Hizo zimejazwa besi, na besi inafunika kila kitu kilicho chini. Mguno wako ni mzito na mdogo, uko huko huko chini. Tafuta hedifoni za utando. Planari."

"Utando wa buibui?"

"Sikiliza, dada. Hedifoni ya kawaida ina koni ndogo ndani, inasukumwa katikati tu, pembeni inafuata kwa kuchelewa. Hii nyingine ina utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, umechorwa njia za umeme, umetandazwa kati ya sumaku na sumaku. Umeme ukipita, utando wote unatikisika kwa pamoja. Kitu kidogo kilichojificha chini ya sauti yako utakisikia chenyewe, hakijavimbishwa wala hakijamezwa. Lakini utahitaji na amplifaya. Usisahau amplifaya."

Nilisahau amplifaya. Yaani sikusahau, nilikataa kuamini. Hedifoni zinahitaji mashine nyingine ya kuzisaidia kusikika? Nilidhani ni mbinu ya watu wa mjini ya kuuza vitu viwili badala ya kimoja.

Siku mbili nilikaa kwenye simu nikisoma maoni ya walionunua, na nusura nilie. Mmoja anasema sauti yake ni kama hariri. Wa pili anasema hapana, ni kama maziwa ya moto. Wa tatu anasema ina hewa. Watu wana lugha nzima mdomoni, wanapewa kitu cha kueleza, wanaishia kwenye hewa! Hakuna hata mmoja aliyeandika kama mtu akiguna nyuma ya pazia unamsikia au humsikii.

Mwishowe zilibaki tatu. Za kwanza zilisifiwa na kila mtu, ila zilikaribia kilo nzima, na mimi husoma saa tatu mfululizo nikiwa nimejifunga mtandio. Shingo yangu si nguzo. Za pili zilikuwa nyepesi na nzuri kuzitazama, lakini zimefungwa kote kote. Mikindani mwezi wa kwanza unavaa kitu hicho masikioni na baada ya robo saa unaweza kukamua maji. Za tatu zilikuwa zimetumika, sponji zake zimechakaa kidogo, migongo yake wazi kama wavu ili hewa ipite. Sauti inavuja nje na kelele za nje zinaingia, lakini baada ya wauza samaki kupita asubuhi, nyumba yetu ya mawe huwa kimya. Nikachukua hizo, kwa hela niliyokuwa nimeiweka ya friji.

Hapo ndipo nilipomkosea Bibi Mwanakombo. Naishi naye, yeye na mimi tu, na friji lilikuwa ahadi. Kwa kuwa ni bibi yangu mzaa baba, ananiita mke mwenzake, na kama mke mwenza yeyote, anahesabu kila kinachoingia mlangoni. Jumamosi nilirudi kutoka stendi ya mabasi na boksi kwapani, nikamkuta ukumbini anachambua kunde kwenye ungo.

"Friji limefika?" akauliza.

"Si friji, Bibi. Hedifoni."

"Zinapoza maji?"

"Hapana."

"Haya." Akarudi kwenye kunde zake. Hilo "haya" liliniuma kuliko matusi.

Niliingia chumbani, nikazichomeka kwenye kompyuta, nikavaa, nikabonyeza. Sauti yangu ikaja kutoka mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi uliofunikwa sahani. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Mtungi ukasogea hatua mbili. Nikachomeka kwenye simu, ikawa mbaya zaidi.

Nikampigia kaka Fredi. "Zimeharibika! Nimetapeliwa!"

"Umeweka amplifaya?"

Nilitazama dari.

"Dada Rehana," akasema kwa sauti ile ile, "kila hedifoni ina namba mbili. Ohm ni jinsi inavyoukatalia umeme. Usikivu ni jinsi inavyogeuza umeme kidogo kuwa sauti. Zako ohm ni ndogo, watu wanaona ndogo wanadhani ni rahisi. Lakini na usikivu wake ni mdogo. Zinataka umeme mwingi kuliko tundu la kompyuta linavyoweza kutoa. Hazijaharibika. Zina njaa."

Mtaani kwetu siri haikai. Kesho yake, Jumapili, baba mdogo Isihaka alikuwa ameshapata habari kwamba mtoto wa kaka yake anatafuta amplifaya. Baba mdogo anakodisha muziki wa harusi, Mtwara mjini hadi Nanyamba, na hakuna jambo linalompa raha kama kuombwa ushauri. Mimi sikuwa nimemwomba. Alifika kwa bajaji, amekumbatia kitu cha chuma chenye ukubwa wa begi la safari na mapezi ya kupozea mgongoni.

"Mwanangu unahangaika na mie nipo?" Akakitua mezani, meza ikalia. "Wati elfu moja na mia mbili. Hii imepiga harusi tatu usiku mmoja haijapata hata jasho."

"Baba mdogo, shikamoo. Hiyo ni ya spika."

"Marahaba. Na hizo kichwani kwako ni nini? Si spika ndogo?"

"Zinataka nusu wati. Ukizidisha sana, utando unaungua."

"Wati zikizidi si unapunguza?" Akacheka, akamgeukia Bibi. "Mama, huyu amesoma stashahada, lakini hajui kwamba kitasa kinazunguka pande zote mbili."

"Muache baba yako mdogo afanye kazi," akasema Bibi, bado na ungo wake.

Niliingia jikoni kumtengenezea chai, dakika nne tu. Niliporudi, alikuwa amevua waya kutoka kwenye hedifoni, ameshika kisu, na ameshaikata plagi. Ncha mbili za shaba zilikuwa zinang'aa kati ya vidole vyake, tayari kuingia kwenye matundu ya spika.

Sikumbuki nilisema nini. Bibi anasema nilisema, "Mungu wangu, toka!" na kwamba mtu hamwambii baba yake mdogo "toka". Ninachokumbuka ni kwamba niliuvuta waya, naye akauvuta, na tukasimama pale kama watu wanaogombania mbuzi.

"Nakusaidia!"

"Unaniua, baba mdogo!"

"Kwa waya?"

Waya wa hedifoni zile, bahati, huchomolewa na kununuliwa mwingine. Baba mdogo aliondoka na mashine yake na chai hakunywa. Mlangoni aligeuka: "Siku ukiolewa, utafute muziki kwa huyo Fredi wako."

Sasa nilikuwa na hedifoni zisizo na waya, ndugu aliyenuna, na siku tano. Kaka Fredi akapendekeza amplifaya ya mezani, ile ya kuchomeka ukutani. Akasema ina nguvu hata ya kubaki. Hapo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na jibu ambalo yeye hakuwa nalo.

"Kaka Fredi, nyumba hii soketi zake hazina waya wa ardhini. Kompyuta ikiwa kwenye chaji ukiigusa inakuwasha vidole. Nikichomeka amplifaya hapo, nitasikia mngurumo wa umeme siku nzima. Nitakuwa nimenunua mguno wa pili."

"Kweli kabisa," akasema. Niliiandika tarehe.

Kwa hiyo nikatafuta ile ndogo, inayojiendesha kwa betri yake, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Nilizipata za aina mbili. Moja ilikuwa ya bei rahisi sana, na katika maelezo yake walikuwa wameandika maneno yote mazuri isipokuwa nguvu yake. Mtu anayeficha namba anajua anachokificha. Nyingine ilisema wazi: nusu wati kwenye ohm thelathini na mbili, na hedifoni zangu zilikuwa karibu hapo hapo. Haikuwa na taa, haikuwa na simba. Nikaagiza pamoja na waya, vikapakiwa kwenye basi, vikafika Jumatano mchana.

"Friji?" akauliza Bibi.

"Amplifaya."

"Kaka yake na ile ya Isihaka?"

"Mjukuu wake."

Akacheka kidogo, na mimi nikashukuru kwa hicho kidogo.

Nilifunga pazia la chumba. Rekodi zangu za asili za sura tatu za mwanzo nilikuwa nimezitunza, zile ambazo hazijapitishwa kwenye programu ya kusafisha sauti, kwa sababu kaka Fredi aliniambia nisifute kitu. Nikachomeka sabuni yangu kwenye kompyuta, nikachomeka hedifoni, nikavaa, nikafungua sura ya kwanza.

Kwanza nilidhani nimekosea faili. Aliyekuwa anasoma alikuwa mtu, yuko mbele yangu, hana mafua. Nilisikia ulimi wangu ukiachana na meno. Nilisikia karatasi ikigeuzwa na kidole kikiteleza juu yake. Nilisikia jogoo wa jirani yetu Halima, mbali, ambaye sikuwahi kujua kwamba yumo.

"Hapo zamani," nikasikia nikisema, "paliondokea mtu na mkewe, wakakaa karibu na mdomo wa Ruvuma."

Na kutoka upande wa kushoto, nyuma ya pazia, taratibu, kwa adabu kabisa:

"Ehee."

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma.

"...karibu na mdomo wa Ruvuma."

"Ehee."

Nikaendelea. Kila nukta, ehee. Mke alipokosa mtoto, nikasikia, "Masikini." Fisi alipoahidi kwamba hatakula mtu, nikasikia, "Muongo huyo." Sura ya pili kulikuwa na kicheko kirefu kilichokatizwa na kikohozi. Sura ya tatu, pale binti wa jumbe anapovuka mto kwa mashua, sauti ilisema waziwazi, "Hapana, sivyo."

Yote haya programu ya kusafisha ilikuwa imeyatafuna, ikabakiza mguno. Na mimi mwenyewe, nikisoma, nilikuwa nimeziba masikio kwa vidude vya Yassini. Wiki mbili, safari ya Chikongola, hela ya friji, ugomvi na baba mdogo, kumbe chanzo kilikuwa kimekaa hatua nne kutoka kwenye kiti changu, kinachambua kunde.

Nikafungua pazia. "Bibi."

"Abee, mke mwenzangu."

"Nikiwa nasoma kule ndani, wewe unafanya nini?"

"Kunde."

"Na nini kingine?"

"Nakuitikia."

Alilisema kama mtu anayesema anapumua. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Kwa nini, Bibi? Nimekuomba?"

Aliweka ungo pembeni. Sasa yeye ndiye aliyekuwa amekereka. "Mtu anaombwa? Unaingia chumbani, unafunga pazia, unaanza hadithi. Hadithi nzuri. Unasema sentensi, kimya. Unasema nyingine, kimya. Hakuna anayekuitikia! Kwetu Msimbati msimuliaji akikosa mwitikiaji ananyamaza, anakwenda kulala. Akiendelea peke yake, watu wanasema akili imemruka. Halima anapita hapa barazani kila siku. Nimwache asikie mjukuu wangu anaongea peke yake kama kichaa? Nikasema nikusitiri. Kwa sauti ndogo, nisikusumbue."

"Sisomi peke yangu. Kuna maiki."

"Inaitikia?"

"Hapana."

"Haya."

Nikamweleza, polepole, kuhusu kaka Fredi, kuhusu Ijumaa, kuhusu yule bwana wa Dar. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mguno ni mimi."

"Bibi, sikusema..."

"Mguno ni mimi. Sawa. Kesho nitakwenda kukaa kwa Halima, uguniwe na kuta."

Alhamisi asubuhi alijifunga kanga, akachukua ungo wake, akaenda kwa Halima bila kugeuka nyuma. Nyumba ikawa kimya kama nilivyotaka. Nikavaa hedifoni zangu, nikasoma sura ya kwanza yote. Hakuna ehee. Nikaisikiliza.

Hapo ndipo nilipozichukia zile hedifoni. Maana hazikuwa zinamsikia Bibi tu. Zilinisikia na mimi. Nilikuwa nakimbia. Kila sentensi ilikuwa inakanyaga kisigino cha iliyotangulia. Fisi alikuwa na sauti ya mke, na mke alikuwa na sauti ya karani anayeita majina kwenye dirisha la hospitali. Nikafungua rekodi ya zamani, nikalinganisha. Ile ya zamani ilikuwa inapumua. Kila nilipofika nukta nilitua kidogo, kama mtu anayengoja, ingawa masikio yangu yalikuwa yamezibwa na nilidhani singoji kitu. Labda mwili ulikuwa unasikia. Labda ni namna nilivyofundishwa hadithi tangu mwanzo, na kwenye nyumba tupu nikaisahau. Sijui. Nilichojua ni kwamba ile safi haifai, na ile inayofaa si safi, na imebaki siku moja.

Nikatembea mpaka kwa Halima. Bibi alikuwa barazani, akajifanya hanioni.

"Bibi, rudi nyumbani."

"Nani anaita? Mguno hauna masikio."

Halima akaangalia pembeni asicheke.

"Bibi, tafadhali. Siwezi kusoma."

"Umeishiwa macho?"

"Nimeishiwa mtu."

Alichambua kunde tatu zaidi, moja moja, nizione. Kisha akanyanyuka.

Nilimweka ndani ya chumba, kwenye mkeka, uso kwa uso na mimi. "Sasa, Bibi, badala ya kusema ehee, utikise kichwa tu. Hivi."

"Mimi mjusi?"

"Bibi..."

"Mjusi ndiye anayetikisa kichwa ukutani asiseme kitu. Mimi nina mdomo na Mungu ndiye aliyenipa."

Nikapumua. Nikahesabu mpaka kumi. "Basi tufanye hivi. Nikimaliza sentensi, nanyamaza kabisa. Wewe unaitikia. Ukimaliza, unanyamaza kabisa. Halafu mimi naendelea. Usiitikie juu ya sauti yangu, nami sitasoma juu ya yako."

"Hivyo ndivyo ilivyo siku zote," akasema. "Nyie mmesoma mkasahau."

Tukasoma. Nilimtazama yeye, si karatasi. Nusu ya maneno niliyajua. Alipocheka, nilingoja amalize. Alipokohoa, nilirudia. Kwenye sura ya tatu alinyanyua mkono.

"Hakuvuka kwa mashua. Kiangazi pale wanavuka kwa miguu, maji yanafika hapa. Andika hivyo."

"Siandiki, Bibi. Nasoma kilichoandikwa."

"Basi mwambie aliyeandika."

"Nitamwambia. Ehee?"

"Mimi ndiye ninayesema ehee. Endelea."

Adhuhuri tulimaliza. Kisha nikakaa na kompyuta na kazi ambayo mtu mwenye akili timamu asingeikubali: kukata. Ehee moja baada ya nyingine, mia nne na kumi na mbili, na masikini, na muongo, na yarabi, na ile hapana sivyo. Kwa vidude vya Yassini nisingeweza. Ningekata silabi ya mwisho ya neno langu au kuacha mkia wa pumzi yake. Kwa utando niliona mpaka, kama mshono wa nguo: hapa naishia mimi, hapa anaanzia yeye. Kidole kikafa ganzi. Macho yakaniwasha. Nilimlaani kaka Fredi, nikamlaani aliyegundua sumaku, nikamlaani Bibi kimoyomoyo na kuomba radhi hapo hapo. Ijumaa kabla ya swala nilituma sura zote tatu.

Saa tisa ujumbe wa kaka Fredi ukaingia.

"Safi. Mguno umekwisha. Bosi amesikiliza, kitabu ni chako. Na usomaji umekuwa kama uko na mtu chumbani. Umebadilisha nini, maiki?"

Nilianza kumweleza, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwishowe nikaandika: "Amplifaya."

"Si nilikwambia?" akajibu.

Nikamwendea Bibi ukumbini. "Tumekipata, Bibi. Kitabu chote. Sura nane zimebaki."

"Alhamdulillahi. Nisikie basi kilichokuchukulia friji."

Nikamvalisha juu ya mtandio. Akanyanyua mabega kwa ule uzito, akasema ni kama kubeba mtungi kwa masikio. Nikabonyeza sura ya kwanza. Alitulia, macho mbele, midomo imefungwa. Nukta ya kwanza ikapita. Akanitazama. Ya pili ikapita.

"Mbona hakuna anayeitikia?" akauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya watu walioziba masikio.

Nikamnyanyulia upande mmoja. "Nimekukata, Bibi. Ndivyo wanavyotaka."

"Umenikata."

"Nimekukata."

"Wakuache usimulie peke yako, mbele ya nchi nzima."

"Ndiyo hivyo, Bibi."

"Rudisha mwanzo," akasema, na akaushusha mwenyewe ule upande nilionyanyua.

Nikarudisha. Akakaa wima, mikono magotini, na nilipoona midomo yake inafunguka nilijua ni nukta ya kwanza.

"Ehee!"

Barazani kwake, Halima aliitika, akidhani ameitwa. Bibi hakusikia. Aliitikia nukta ya pili, na ya tatu, na alimlaumu fisi tena kwa uongo ule ule, kwa sauti ya kuvunja madirisha. Sura ya kwanza ni dakika thelathini na nane. Nilikaa pembeni yake na sura ya nne mapajani, maiki imezimwa, nikingoja amalize kunisitiri, nyumba itulie, tuanze kazi.